Barua inasema nimelipia simu, na anwani ya mtumaji ni ya PayPal yenyewe. Niiamini au niiripoti?

MamaKabwe (Mbeya)

Habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nina steshenari hapa Kabwe. Natoa kopi, naskani vyeti, najaza maombi ya mkopo wa HESLB na ya ajira kwa wasio na kompyuta. PayPal naitumia kulipa tu. Kuna programu ya kutengenezea kadi za mialiko na wasifu ambayo nailipia nje kila mwezi, na akaunti nimeiunganisha na kadi ya benki.

Jana usiku imeingia barua pepe. Inasema nimelipa dola 649.99 za Marekani kwa ajili ya simu, na kama si mimi niliyeidhinisha nipige namba fulani inayoanza na +1 ndani ya saa 24, la sivyo pesa itakatwa na haitarudishwa. Nikahisi ni matapeli. Nikaanza kukagua kama tulivyofundishwa: anwani ya mtumaji ni service@paypal.com, herufi kwa herufi. Makosa ya lugha hakuna. Nembo iko sawa. Nikabonyeza kitufe na kukishikilia bila kukifungua, nikaona kiungo kinaelekea paypal.com. Nikafungua akaunti kwenye programu ya simu, hakuna pesa iliyoondoka.

Sasa nauliza. Kama ni utapeli, anwani wameipataje? Na nikiripoti, niripoti wapi: polisi, TCRA (mamlaka ya mawasiliano), au kwa PayPal wenyewe? Nauliza pia kwa ajili ya wateja. Wanafunzi wengi barua pepe yao ya kwanza wanaifungulia hapa dukani kwangu, na huwa nawaambia "angalia anwani ya mtumaji". Kama anwani nayo haitoshi, sijui niwaambie nini.

---

Mwalimu_Kihesa (Iringa)

Kamwene dada. La kwanza kabisa: usipige hiyo namba wala usijibu hiyo barua. Umefanya jambo la maana kuingia kwenye akaunti kwa programu yako mwenyewe, na huko ndiko ulikopata jibu la kweli kwamba pesa haijaguswa.

Nafundisha kompyuta chuo cha ufundi huku Iringa, na aina hii ya barua ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inawanasa hasa watu makini kama wewe. Niieleze kwa kirefu.

Ulichotumiwa ni ankara. PayPal ina huduma inayomwezesha muuzaji kumtumia mtu ankara ya kudai malipo, na anachohitaji ni anwani ya barua pepe ya mtu huyo, basi. Anajaza jina la biashara, anajaza kiasi, halafu kuna sehemu ya maelezo kwa mteja ambapo anaandika anachotaka. Akituma, barua inatoka kwenye mitambo ya PayPal. Tapeli anafungua akaunti, anajipa jina linalofanana na idara ya malipo, na kwenye ile sehemu ya maelezo anaandika hayo uliyoyasoma: umelipa, kama si wewe piga hapa. Bahasha ni ya kampuni, maneno ya ndani ni ya mwizi. Hakuiba anwani ya mtu. Ametumia huduma iliyo wazi kwa kila mfanyabiashara.

Ndiyo maana vipimo vyako vyote vimepita. Hata ungeifungua Gmail kwenye kompyuta, ukabonyeza nukta tatu na kutazama barua asilia, ungekuta SPF, DKIM na DMARC zote zimeandikwa PASS. Vipimo hivyo vinathibitisha kwamba barua imetoka kwenye seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni ya mtumaji (hapa ni paypal.com), na kwamba haikubadilishwa njiani. Havisemi lolote kuhusu ukweli wa kilichoandikwa.

Sasa irudie barua yako, isome polepole, utafute kitu kimoja. Maneno ya PayPal yenyewe, yale ya juu na yaliyo karibu na kitufe, yatakuwa yanasema umetumiwa ankara au ombi la pesa. Yaani unadaiwa, hujalipa. Lakini yale maelezo ya muuzaji yanasema umeshalipa. Barua moja, kauli mbili zinazopingana. Mtu aliyeshtuka anasoma sehemu yenye dola 649.99 na namba ya simu, hiyo nyingine anairuka. Pesa haiwezi kutoka kwa sababu tu umetumiwa ankara. Mpaka wewe uikubali na kuilipa.

Angalia pia mstari wa "Kwa". Mara nyingine anwani iliyoandikwa pale si yako kabisa. Tapeli ametuma ankara kwenye anwani ya kundi aliyoitengeneza yeye, na kundi hilo ndilo linaloisambaza kwa mamia ya watu. Ukiona barua ya "akaunti yako" imeandikiwa mtu usiyemjua, umeshapata jibu.

Na ile namba ya simu ndiyo mtego wenyewe. Kitufe hakikuwa na haja ya kuwa cha uongo, kwa sababu hawataki ukibofye. Wanataka upige, kwani simuni hakuna kichujio cha barua taka wala onyo la kivinjari. Ni wewe na mtu anayejua kuongea.

Kuripoti, fanya hivi. Isambaze barua hiyo kwenda phishing@paypal.com bila kubadilisha kichwa chake wala kuongeza maneno yako katikati. Kisha ingia kwenye akaunti yako kwa kuandika mwenyewe paypal.com au kupitia programu, itafute ankara hiyo, na uiripoti hapo. Usiilipe hata kama kiasi ni kidogo. Halafu kwenye Gmail, nukta tatu zilezile, ripoti kwamba ni barua ya ulaghai. Polisi sio lazima kama hujapoteza kitu, ila barua usiifute kwanza.

---

Kijana_wa_Uyole

Mwalimu amemaliza, naongeza tu kuhusu hiyo simu, maana kuna jirani yetu mzee hapa Uyole aliipiga.

Walimpokea vizuri sana. Wakamwambia tunaghairi malipo sasa hivi, ila inabidi tuone kompyuta yako. Wakamwelekeza kuweka AnyDesk. Hiyo ni programu halali, mafundi wanaitumia kusaidia mtu aliye mbali, lakini ukimpa tapeli zile namba zinazotokea kwenye skrini, yeye ndiye anayeishika kompyuta. Wakamwambia afungue akaunti ya benki "ili tukuingizie marejesho". Akaona kwenye skrini zimeingia dola 6,499 badala ya 649. Yule wa kwenye simu akaanza kulia kabisa, anasema nimekosea sifuri, nitafukuzwa kazi, mzee wangu nirudishie hiyo tofauti. Hakuna kilichoingia. Walikuwa wamebadilisha maandishi ya ukurasa kwenye kivinjari chake, jambo ambalo linafanyika kwa sekunde chache ukishajua namna.

Mzee ni mtu wa huruma, alitaka kuwasaidia. Kilichomwokoa ni kwamba walimwambia akanunue kadi za zawadi za dukani na kuwasomea namba za nyuma, na kadi hizo hapa hazipatikani. Akaja kuniuliza mimi nikamnunulie wapi. Tukazima intaneti, tukaiondoa ile programu, tukabadilisha nywila zote kwa simu nyingine, na benki tukaenda kwa miguu asubuhi yake.

Naona watu wanamcheka mtu aliyetapeliwa. Huyo mzee amefundisha hisabati miaka mingi. Wale wa simu hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku, wanajua lini wakupigie kelele na lini walie.

---

Neema_Makambako

Shikamoo Mwalimu. Yetu ni tofauti kidogo. Mdogo wangu yuko Mbeya chuoni, anafanya vikazi vya kutafsiri mtandaoni. Alipata barua kwamba akaunti yake ya malipo imewekewa kizuizi na ahakiki taarifa ndani ya saa 12. Alibofya, akaandika barua pepe na nywila, akaandika na zile namba za uthibitisho zilizoingia kwa SMS. Ukurasa ukamrudisha kwenye tovuti halisi kana kwamba hakuna kilichotokea. Imetokea leo mchana. Anaogopa hata kumwambia baba. Aanzie wapi?

---

Mwalimu_Kihesa (Iringa)

Marahaba Neema. Aanze sasa hivi, usomaji mwingine baadaye.

Kwa simu au kompyuta, aingie kwenye akaunti halisi kwa kuandika anwani mwenyewe na abadilishe nywila. Kwenye mipangilio ya usalama atafute sehemu ya kuondoa vifaa vyote vilivyoingia. Halafu akague kama kuna namba ya simu, barua pepe au akaunti ya benki iliyoongezwa ambayo si yake; wezi hupenda kuacha mlango wa kurudia. Kama kuna malipo asiyoyajua, ayaripoti kutoka ndani ya akaunti.

Barua pepe yenyewe nayo ibadilishwe nywila, na hasa kama ilikuwa ileile. Anayeshika barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya kila kitu kingine. Kwenye Gmail atazame mipangilio ya usambazaji na vichujio: kuna wezi wanaoweka kanuni ya kuficha barua zote zinazotoka kwenye huduma ya malipo, ili mwenye akaunti asione arifa.

Kama kadi ya benki imeunganishwa, apige namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, aombe ifungwe. Namba ya nyuma ya kadi, si ile atakayoipata kwa kutafuta Google, maana huko nako matapeli wanaweka namba zao.

Kuhusu zile namba za SMS, wengi wanaamini zinawalinda kwa kila hali. Kurasa za siku hizi za uongo zinapokea unachoandika na kukipeleka kwenye tovuti halisi papo hapo, kwa hiyo namba inatumika kabla haijaisha muda. Kinachokataa kufanya kazi kwenye tovuti ya uongo ni funguo za siri za kifaa (passkey), zile unazofungulia kwa alama ya kidole au uso, kwa sababu kifaa kinakagua chenyewe domeni kabla ya kujibu. Huduma ikikupa nafasi hiyo, ichukue. Na programu inayokutunzia nywila nayo inasaidia kwa njia hiyohiyo: ikigoma kujaza nywila kwenye ukurasa unaoonekana ni wenyewe, simama hapo hapo, kuna sababu.

Amwambie baba. Atahitaji mtu wa kukaa naye wakati anafanya haya yote, na hakuna aibu yoyote hapo.

Yeye aliletwa na barua yenye anwani ya bandia, ile aina ya zamani ambayo bado ipo tele, kwa hiyo niseme na namna ya kusoma kiungo. Watu husoma kutoka kushoto, wakiona neno paypal wanaridhika. Soma hivi: tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha rudi nyuma kuelekea kushoto. Sehemu mbili za mwisho kabla ya mkwaju ndizo mwenye nyumba. Kwenye paypal.com.hakiki-akaunti.example/ingia (jina nimelibuni) mwenye tovuti ni hakiki-akaunti.example, hiyo paypal ya mwanzo ni pambo ambalo yeyote anaweza kuliweka. Kwa tovuti zetu za hapa soma sehemu tatu, kwa sababu tunatumia co.tz, go.tz na ac.tz: tcra.go.tz ni ya TCRA, lakini tcra.go.tz.kitu-kingine.example siyo. Pia kuna herufi: I kubwa inafanana kabisa na l ndogo kwenye simu nyingi, na hila hiyo dhidi ya PayPal ilishatumika tangu mwaka 2000. Kwenye simu programu ya barua inaonyesha jina la mtumaji tu, kwa hiyo gusa jina ili anwani itokee.

Kuhusu makosa ya lugha kama dalili, mimi nimeacha kulifundisha. Sasa wanaandika Kiingereza safi na Kiswahili safi pia.

---

Wa_Sokomatola

Niongeze upande wa vyombo vya hapa, maana dada aliuliza TCRA na polisi na bado havijajibiwa sawasawa.

Namba 15040 ya TCRA ni kwa ajili ya SMS na simu za kitapeli, zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" na ndugu zake. Unausambaza ujumbe kwenda 15040, kisha unaletewa ujumbe wa kukutaka uandike namba ya tapeli. Kwa namba ya Marekani iliyo kwenye barua pepe, njia hiyo haitakufikisha mbali. Ila tapeli akianza kwa barua pepe halafu akakupigia au kukuandikia kwa namba ya hapa nyumbani, hapo itumie. TCRA wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa hapa Mbeya kama unataka kuuliza ana kwa ana, na chini yao kuna TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao.

Mkiwa hapo, pigeni *106# mhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yenu ya NIDA. Haihusiani moja kwa moja na barua pepe, lakini mtu aliyekwisha kutoa taarifa zake kwenye ukurasa wa uongo anapaswa kujua kama jina lake linatumika kwingine.

Polisi: kama pesa imetoka, nenda kituo cha karibu siku hiyohiyo, utoe maelezo, uchukue RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yako). Benki huenda wakaiomba. Kujifanya mtu au taasisi nyingine kwenye mtandao na udanganyifu kwa kompyuta ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ni suala lako na kampuni ya nje. Nenda na barua yenyewe ikiwa bado ipo kwenye simu. Picha ya skrini inaonyesha sura ya barua, lakini taarifa za njia iliyopitia barua hiyo hazipo kwenye picha.

---

MamaKabwe (Mbeya)

Asanteni sana, ndaga fijo.

Nimeirudia barua kama Mwalimu alivyosema. Kweli, juu kabisa imeandikwa kwamba nimetumiwa ankara, na chini kwenye maelezo ya muuzaji ndipo penye "umelipa". Jana sikuuona ule mstari wa juu kabisa, macho yalikwenda kwenye dola. Nimeisambaza kwenda phishing@paypal.com nikiwa kwenye kompyuta ya dukani, na ankara nimeiripoti ndani ya akaunti. Anayelengwa kwenye mstari wa "Kwa" ni mimi, lakini jina langu halipo, ni anwani tu.

Neema, pole kwa mdogo wako. Kama yuko mjini na hana kompyuta aje Kabwe, tutakaa naye mpaka amalize kubadilisha nywila, sitamtoza.

Limebaki swali moja. Leo mchana mteja, mama anayeuza viazi, ameniletea simu yake. Barua inafanana na yangu, kiasi tofauti kidogo. Huyu hana PayPal kabisa, hajawahi kuifungua. Anaogopa kwamba kuna mtu amemfungulia akaunti kwa jina lake. Inawezekana? Na anaweza kuripoti bila kuwa na akaunti?

---

Mwalimu_Kihesa (Iringa)

Anaweza. Ile phishing@paypal.com inapokea kutoka kwa yeyote, haimtaki awe mteja. Msaidie aisambaze kutoka kwenye barua pepe yake yeye, kisha muiripoti kwenye Gmail, na aifute akishamaliza.

Kuhusu hofu yake: ankara inaweza kutumwa kwa anwani yoyote hata kama haina akaunti, kwa hiyo barua peke yake si ushahidi kwamba kuna akaunti kwa jina lake. Orodha za anwani za barua pepe zinauzwa na kuvuja kila mara, nao wanatuma kwa wote bila kujua nani ana nini. Akitaka kuhakikisha, fungueni paypal.com kwa kuiandika wenyewe, mchague sehemu ya aliyesahau nywila, na muweke anwani yake. Kama kweli kuna akaunti iliyofunguliwa kwa anwani hiyo, ujumbe wa kubadilisha nywila utaingia kwenye kikasha chake, naye ataichukua na kuifunga. Usipoingia wowote, huenda hakuna akaunti. Fanyeni hivyo akiwa hapo hapo na simu mkononi, asije akapokea ujumbe huo nyumbani peke yake akadhani ni matapeli wengine.

Na muulize kama aliipiga ile namba. Mwulize kwa upole, tena mkiwa wawili tu, wateja wengine wasisikie. Akisema aliipiga, nendeni benki kabla hawajafunga.